Sahihi ya Pili

Dada yangu,

Mama anakohoa kidogo tu, na paa limeacha kuvuja.

Uliuliza helikopta ya mumeo iliangukaje. Kwetu karakanani, fundi mmoja akifunga fimbo za kuongozea mapanga, mwingine huzipapasa moja moja ndipo atie sahihi ya pili. Siku ile alifunga mzee aliyenifundisha kazi. Niliona haya kumkagua mwalimu wangu, nikasaini kikombe cha chai kikiwa mkononi. Bolti moja haikuwa na pini ya kuizuia isifunguke.

Kesho nitawaambia wachunguzi. Nimetaka wewe usikie kwanza.

Shemeji aliniuliza, "Umezishika kwa mkono wako?"

Nikamwambia, "Panda, shemeji, ondoa wasiwasi."

Akanipiga begani, akapanda.

Usinijibu kama moyo hautaki.

Mdogo wako