Telegramu ya Msiba

Jumatano, Julai. Guangzhou.

Yaani nimekisoma kifo cha baba kwenye simu, nimeshika shati mkononi, Shahe, kwenye soko la nguo za jumla. "Dada, baba ametutoka." Basi. Mdogo wangu hakuandika zaidi.

Baba alikuwa tarishi wa posta Makete. Julai kama hii, sakitu imetanda mashambani, vidole vimekufa ganzi, yeye anakokota baiskeli mlimani. Telegramu ya msiba hakuikabidhi tu na kuondoka. Aliwasomea wafiwa mwenyewe, akakaa nao mpaka jirani aje. Mama alikuwa akigomba, chakula kimepoa tena.

Pale sokoni mwenye duka akaniuliza, "Ngapi?" Nikamjibu hamsini. Hamsini!

Nimerudi chumbani tangu saa tisa. Mlango nimeuacha wazi, sijui namngoja jirani gani.