Uso wa Furaha, kutoka 2H hadi 6B

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa halionekani. Moyo umenijaa, na sijui niite huzuni au nini.

Leo alikuja Mama Furaha kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, kitenge kimelowa mabegani. Watu wangali wanamwita hivyo, ingawa Furaha, binti yake, alikufa kwa homa walipokuwa wakikimbia vita kutoka Masisi. Simu iliyokuwa na picha zake ilipotea njiani. Hana hata moja. Aliniomba nimchore kwa kusikiliza maneno yake.

Niliogopa. Mimi huchora watu walioketi mbele yangu.

Nikaanza na penseli ya 2H. Wanafunzi wangu wa uchoraji huniuliza maana ya herufi hizo, nami huwaambia: H ni ngumu, mstari wake mwembamba na hafifu. B ni laini na nyeusi. Namba ikipanda, ugumu au ulaini unazidi. HB iko katikati, ndiyo ya kuandikia shuleni. Kwa uso nisioujua, 2H ilinipa amani: ukikosea, unafuta.

Mama Furaha alisogeza karatasi karibu na macho.

"Mwalimu, niko naona karatasi tupu tu. Mutoto wangu iko wapi?"

Nikakandamiza zaidi. 2H haikutoa weusi, ilichimba tu karatasi, na hata nilipofuta, mfereji ulibaki. Nikachukua karatasi nyingine. Nikashika 6B.

Hapo hakuna tena kujificha.

6B haifutiki vizuri, huacha kivuli. Kabla ya kila mstari ilinibidi niulize, naye ilimbidi akumbuke. Nyusi zilikuwa nene?

"Apana. Nyembamba, kama za baba yake."

Alicheka akinieleza pengo la meno.

Tulipokaribia kumaliza, alinyoosha kidole akagusa shavu lile la karatasi. Weusi ukasambaa. Nikashtuka, nikakimbilia kifutio.

"Wacha," akasema. "Alikuwaka na alama pale. Chungu kilimuunguza. Nilikuwa nimesahau."

Akalia. Nami nikalia.

Nilifunika picha kwa karatasi nyepesi isichafuke, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Akaibeba kifuani, chini ya kitenge, akaondoka mvua ikiwa imepungua.

Sasa giza linaingia hapa mtaani Himbi. Papa, baba yangu, amesinzia kwenye kiti chake, miwani imemshuka puani. Nimechora majirani, nimechora wateja, nimechora hata wapita njia. Yeye sijawahi. Nilidhani yupo tu, kwamba kumchora kunaweza kungoja.

Kesho tukitoka misa nitamwomba akae karibu na dirisha. Najua ataniuliza kwa nini.

Nimeshaichonga 6B.