Mwenye Nyumba Yuko Boi Kota

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Mashati ya Bwana tena. Umeme ulikatika nikiwa kwenye kola, nikamalizia kwa pasi ya mkaa. Kisha sakafu. Nta ya kijani, sebule nzima, kwa magoti.

Mimi nilitaka sakafu nyekundu. Mwaka ule wa kujenga, duka la Singasinga lilikuwa limeishiwa rangi nyekundu na fundi hakutaka kusubiri. Akamwaga kijani. Leo Madam alisimama mlangoni na kikombe chake, akasema huyu mwenye nyumba hajui kuchagua, nani anaweka sakafu ya rangi ya chura. Nikacheka naye. Nikasema labda rangi nyingine ziliisha dukani.

Mwenye nyumba ni mimi. Naandika hapa ili niwe nimelisema mahali pamoja.

Alhamisi, 7 Novemba

Dalali Evarist amekuja. Huyu ndiye aliyeupika mpango huu wote.

Nilipopunguzwa kazi ofisini, nyumba ilikuwa imeisha wiki chache tu na benki wananingoja mlangoni. Marehemu mume wangu aliniachia kiwanja, mkopo, na Neema wa kusomesha. Dalali akasema wapangishe watu wa ubalozi, wamepata mradi wa maji hapa Moshi, wanatafuta nyumba huku Shanty Town, mtaa wa wakubwa. Wanalipa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa dola. Wanapaka rangi wenyewe. Wanakuja na jenereta yao. Hawahami usiku na balbu zako. Yote kweli, sina ubishi. Sharti lao moja tu: mwenye nyumba asiishi ndani ya uzio.

Sikuwa na pa kwenda. Dalali akasema kaa boi kota, kile chumba cha mtumishi uani, tutawaambia wewe ni mfanyakazi unayekuja na nyumba. Kwenye mkataba ni Bi. Anastazia, jina langu la ubatizo. Uani naitwa Mama Neema. Hawajawahi kuuliza kama hao ni mtu mmoja. Kodi iliingia, ikatoka siku hiyohiyo, nusu benki, nusu ada ya Neema. Kwa hiyo hata nikitaka kuwarudishia, sina cha kurudisha.

Hasara yake hakunieleza. Kwamba utapiga magoti kwenye sebule yako. Kwamba wakikuudhi huna mahakama ya kuwapeleka, mtu wa ubalozi hashtakiwi hapa. Bwana mwenyewe wala si balozi, ni mtu wa tatu au wa nne huko kwao. Lakini mtaa mzima unamwita Balozi na yeye anaitika.

Leo Madam alitaka kuvunja ukuta kati ya jiko na stoo. Dalali akapita nyuma nilipokuwa naanika nguo, nikamtikisia kichwa. Akatoka nje ya geti, akavuta sigara yake hadi ikaisha, akarudi na jibu la mwenye nyumba: hapana. Madam akaniambia huyo mama ana roho ngumu, akanipa pole kwa kuwa chini yake. Akanipa na kopo la kahawa. Kahawa ya Kilimanjaro, imeenda Ulaya imerudi na picha ya mlima. Huenda mama yangu mzazi ndiye aliyeichuma.

Nimeipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante Madam.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa wifi yangu alinishika mkono. Mama ameuliza tena kule Kilema: nyumba inafunguliwa lini?

Kwetu nyumba ya mtoto haijawa nyumba mpaka mzazi aingie wa kwanza. Anapiga funda moja la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, anapuliza kizingitini, anatamka maneno yake, ndipo mwenye nyumba anafuata nyuma. Mama ni mtu wa rozari, misa ya asubuhi haikosi. Lakini anasema padri ana maji yake na yeye ana mbege yake, na kabla ya hapo mtu amepiga kambi tu.

Muda wote huu ninamwambia haijaisha. Mara milango, mara paa. Nimelivujisha paa hilo mpaka ningekuwa na aibu ningeshazama. Sasa kuna ndugu amepita na gari akaona mapazia. Amemwambia. Mama ameanza kuloweka ulezi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeamua kumwambia Madam. Nilifanya mazoezi kwa Kiingereza mbele ya kioo cha bafuni nikiwa nasugua beseni. Sentensi fupi, maneno manne. Ilitoka vizuri.

Nikafanya kosa la kumwambia Dalali kwanza. Akashika kichwa. Akasema ubalozi ukijua umedanganywa utavunja mkataba kesho na kudai kodi yote, na hata jina lake litaharibika kwa wazungu wote wa Moshi. Akauliza Neema nitamrudisha nyumbani katikati ya kidato cha tatu?

Sijamwambia Madam.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimemtuma mama mmoja wa Kilema anayeuza ndizi sokoni. Amwambie Mama mafundi wanapaka rangi, harufu mbaya, asubiri mwaka mpya. Nadanganya kwa urahisi siku hizi. Hata sauti haibadiliki.

Jumamosi, 23 Novemba

Mama amekuja.

Lazima niandike ingawa mkono hautaki. Madam alikuwa na wageni wa chai, wazungu na wakubwa wa hapa mjini, wamejaa barazani. Mimi nimevaa aproni nyeupe na kitambaa cha kichwa cha kufanana, alinunua mwenyewe Dar. Nazungusha sinia la sambusa. Askari wa getini, Saidi, akaja mbio. Kuna bibi anasema yeye ndiye aliyemzaa mwenye nyumba. Saidi alikuwa anacheka. Amemwambia mwenye nyumba haishi hapa, bibi hataki kuondoka.

Nikaenda na sinia mkononi. Sijui kwa nini sikuliweka chini.

Alikuwa amesimama nje ya geti. Kitenge chake cha jubilei, viatu vya kanisani. Mkungu wa ndizi chini, na kibuyu cha mbege amekikumbatia, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Ameshuka kutoka Kilema nyuma ya pikapu ya mtu, ameketi juu ya magunia, na kibuyu mapajani kisimwagike.

Akaangalia aproni. Akaangalia nyumba kutoka bati mpaka msingi, polepole. Akaniangalia tena. Mtoto wake wa kwanza, niliyesoma mpaka nikawa na ofisi yangu, nimesimama na sambusa za watu.

Madam akashuka ngazi, anatabasamu, anauliza mgeni wetu ni nani. Barazani wameacha kuongea. Ile sentensi ya maneno manne nilikuwa nayo. Naapa nilikuwa nayo mdomoni. Nikaona benki, nikamwona Neema na sanduku lake la bati kituo cha basi, na mdomo haukufunguka.

Mama akanitangulia. Akapinda magoti, yale magoti ambayo hata kanisani siku hizi hayapigi. Akasema:

"Shikamoo, Mama. Mimi ni mama wa huyu mfanyakazi wako. Nimemletea ndizi tu."

Na Madam, ambaye alisomea Kiswahili Dar kabla ya kuja, akajibu bila kukosea:

"Marahaba."

Madam ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Mama yangu hata mwenyekiti wa kijiji ndiye anayemwamkia. Sikuwahi kumsikia akimpa mtu shikamoo maishani mwangu, wale aliopaswa kuwaamkia walikufa kabla sijapata akili. Ametoa leo, getini kwangu, kwa ajili yangu. Amenifichia uongo ambao hakuna aliyemweleza. Aliusoma kwenye aproni.

Madam alifurahi sana. Akasema apitishwe nyuma apewe chai. Nikampitisha nyuma, ubavuni mwa ukuta wangu, nikambebea mkungu. Kibuyu hakunipa.

Nimejichukia leo kuliko siku yoyote.

Jumapili, 24 Novemba

Alilala kitandani kwangu, mimi sakafuni. Hakuuliza. Ningefurahi angenitukana. Alisali rozari yake, akageukia ukutani, akalala.

Asubuhi nilimwambia afungue basi hata hapa boi kota. Akasema yeye hakupika mbege ya banda.

Amerudi nayo Kilema. Kibuyu kizima, hakuna hata funda lililotoka. Mbege haingoji mtu, itakuwa imechacha kabla hajafika kwake. Nilimsindikiza stendi. Akapanda basi kwa shida, nikampokelea kibuyu na kumrudishia dirishani. Hakunipungia mkono, mikono ilikuwa imeshika kibuyu.

Jumatatu, 2 Desemba

Madam hajaacha kumsifu Mama. Mama mpole, mama mwenye heshima. Leo akaniuliza ana miaka mingapi. Nikasema sabini na kitu. Uso wake ukawa mwekundu. Akauliza kama alikosea, maana mwalimu wake alimfundisha kwamba mdogo ndiye anayeanza.

Mtu mzuri. Hapo ndipo ubaya wote ulipo, ningepata shetani wa kumchukia ningepumua. Nilikuwa na nafasi nyingine pale, mlango wazi kabisa. Nikamwambia hakukosea, wazee wa mlimani ndivyo walivyo. Nimemsingizia Mama na mlima mzima.

Akaenda chumbani akarudi na sweta la sufu. Nimpelekee.

Jumatano, 18 Desemba

Dalali na karatasi mpya. Ubalozi unataka miaka miwili mingine, kuanzia Juni mkataba huu ukiisha, na wameongeza vizuri. Alikuwa na kalamu tayari. Nikasema nitasaini baada ya Krismasi. Akacheka, akasema tangu lini mwenye nyumba akakataa dola. Ameniachia karatasi. Iko chini ya godoro.

Jumamosi, 21 Desemba

Wamesafiri kwao likizo. Madam amenikumbatia, ameniachia funguo zote. Nimwagilie maua.

Nikaingia kwa mlango wa mbele. Mara ya kwanza tangu waje. Nikakaa kwenye kochi lao, nikanyanyuka upesi kana kwamba kuna mtu amenikoholea.

Kisha nikapata wazo. Nyumba tupu, funguo ninazo. Kesho napanda kwa Mama.

Jumapili, 22 Desemba

Kilema. Mvua kidogo, njia ya kihambani, kati ya migomba yetu, utelezi mtupu. Nilimkuta anamenya ndizi za mtori. Nikampa sweta, nikamweleza mambo yote tangu mwanzo, mkopo, Dalali, jina la ubatizo. Alikuwa anamenya tu. Nikamwambia twende sasa, wamesafiri, hakuna atakayetuona, utafungua nyumba yangu.

Akaweka kisu chini.

"Niingie nyumba ya mwanangu kama mwizi?"

Basi. Akaendelea kumenya. Lile neno limenikaa. Nimetembea mpaka barabarani na kurudi, peke yangu, nikajifanya naangalia kama mabasi bado yapo. Nilidhani namletea zawadi. Kumbe nimemwongezea aibu.

Sweta ameliweka juu ya kabati. Hajalivaa.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Ndugu wote wamepanda kutoka Dar na Arusha, magari yamejaa mpaka kwa jirani. Mbuzi amechinjwa. Neema amekuwa mrefu, ananipita.

Mchana wakaja kina mama wa jirani. Wanajua Mama alishuka Moshi na kibuyu. Wakamzunguka: haya, tueleze, nyumba ikoje? Nilikuwa nagawa nyama.

Mama akaieleza. Baraza lina nguzo mbili. Sebule unaingia unakutana na madirisha makubwa upande wa mlima. Vyumba vitatu, kimoja cha Neema. Jiko lina stoo yake. Bafu la ndani, maji ya moto yanatoka ukutani. Mambo niliyomsimulia mimi wakati wa kujenga, usiku tukikaa jikoni kwake, hakuna alilosahau. Akasema aliingia wa kwanza, akapuliza mbege mlangoni, na mwanawe akafuata nyuma. Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akanishika mikono akanipongeza kwa kumheshimu mzazi.

Mama hasemi uongo. Mtu akimpa chenji imezidi anaifuata njiani. Amesema uongo mbele ya nusu ya kijiji siku ya Krismasi, amenyooka kwenye kiti chake, na mimi nimeshikilia sahani ya nyama.

Nilienda migombani nikalia. Neema aliniona. Nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Alhamisi, 26 Desemba

Wageni wamepungua. Nilikuwa nasuuza sufuria nje, Mama akaja akakaa kwenye kigoda karibu nami. Alikuwa amevaa lile sweta, asubuhi ina baridi.

Akauliza kwa sauti ya chini, huku akiangalia njiani kama kuna mtu, sakafu ya sebuleni ni ya rangi gani. Jana walimuuliza akasema nyekundu. Ndivyo nilivyomwambia wakati ule.

Ningesema nyekundu. Lilikuwa jibu rahisi.

Nikamwambia ni ya kijani. Nyekundu iliisha dukani.

Akafikiri. Akasema basi wakija kuiona atawaambia imepakwa upya.

Nikaacha sufuria. Nikamwambia karatasi ya Dalali sisaini. Mkataba unaisha Juni, wakitoka nahamia mimi, benki nitaonana nayo, nitapangisha chumba, nitauza maandazi, sijui. Nikamwambia Madam bado hajajua mimi ni nani, hilo nitalisema akirudi, kabla sijafungua begi lake. Nikamwomba aje mwezi wa sita, apitie mbele.

Hakusema ndiyo. Aliokota sufuria niliyoiacha, akaikagua ndani, akanirudishia kwa sababu ilikuwa na ukoko bado.

Akasema mwezi wa sita barabara inakuwa imekauka.