Michongoma Yetu Imeota Kiduku

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi ya kwangu naidai, utanipa siku tukionana. Naomba msaada wako haraka maana Jumamosi inakuja na mimi chakula hakipandi, na leo nimemkata mteja sikio, kidogo tu, lakini sikio ni sikio.

Mimi ni kinyozi, saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi la wanaosubiri zamu pamoja na wale wasiosubiri chochote ila wamekuja kusikiliza redio. Jirani yangu ni mama mmoja fundi cherehani, anashonea chumba cha pembeni cha nyumba yake, pale dirishani, na kati yangu na yeye kuna ua wa michongoma ambao sote wawili tuliukuta tulipohamia. Miaka yote ubavu wangu nakata mimi, ubavu wake anakata yeye, na juu nilikuwa nasawazisha mimi kwa mapenzi ya kazi, mpaka siku mama fundi alipopita na futi yake ya kupimia shingoni, akasimama, akafumba jicho moja, akasema pale juu pamekwenda upande. Mshauri, mimi nimenyoa maharusi, nimenyoa mapacha wakatoka bado mapacha, leo niambiwe nimekata upande na mtu wa kushona sare za shule? Nikaweka mkasi chini, nikamwambia kuanzia sasa juu ni kwake.

Naye akasema hakati, si kwake, ubavu wake unaishia pale mkono wake unapofika. Basi tukaendelea hivyo, mimi nanyoa ubavu wangu mpaka unang'aa, yeye ubavu wake, na juu katikati panaota panavyotaka, hadi wapita njia wakaanza kusimama na kucheka, maana ua ulikuwa umeota kiduku, ule mtindo wa vijana wa pembeni kipara, katikati msitu. Mmoja akauliza kwa sauti, kama kinyozi ameshindwa na ua wake, vichwa vya watu anaviwezaje. Niliumia sana, na wateja wakaanza kupungua. Nikamwita mwenyekiti wa mtaa, na mbele yake na mbele ya benchi zima nikaweka kiganja juu ya michongoma, nikachomwa, nikasema, "Kuanzia hapa kwenda juu mpaka mawinguni ni mali ya mama fundi, na siku nikigusa hata jani moja ninyolewe bila maji hapahapa." Mwenyekiti alikuwa na njaa, akasema amesikia, akaondoka zake. Mama fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa sikia maajabu. Golikipa wa timu ya mtaa akaja akaketi kitini, nikamuuliza tunanyoaje, akanyoosha kidole nje akasema nimnyoe kama ule ua. Nilidhani ananikejeli, nikamnyoa kwa hasira, pembeni nikafyeka, katikati nikaacha vichaka, hata lile shungi linaloegemea kushoto sikulisahau. Wee, mechi iliyofuata alidaka kila kitu mpaka penalti. Kesho yake timu nzima ilikuwa kwenye benchi langu, wachezaji wa akiba wamo, na kocha naye yumo, ambaye nywele anazo za pembeni tu, ikabidi nimweleze kwa upole kwamba kwake yeye mtindo utakaa kinyume. Siku hizi vijana wanatoka mitaa ya mbali, wanapiga kwanza picha na ua ndipo wanakuja kitini, mtindo wenyewe wanauita Mchongoma, na mke wangu, aliyekuwa ameanza kuniuliza kama sijafikiria kuuza maji ya baridi, sasa ananiita bosi.

Ndipo wiki hii mama fundi akatangaza kwamba Jumamosi ameita mtu wa msumeno, juu pote patakatwa pawe usawa wa kifua. Nilimkimbilia na shuka la mteja mkononi, nikamwambia mama, huo si ua tena, ndiyo kazi yangu, watoto wangu wanakula pale. Akaniuliza swali moja tu.

"Kwani juu ni kwa nani, baba?"

Nikaahidi kumnyoa mumewe bure maisha yake yote, halafu nikakumbuka mumewe ana kipara. Nikajaribu kusema juu ni kwake sawa, lakini mizizi ni ya wote na mizizi haijaridhia, akacheka akafunga mlango. Mama huyu amebadilika sana, mshauri. Anashona mchana kweupe na taa inawaka, eti haoni tundu la sindano, juzi kamshonea mtoto wa watu suruali mguu mmoja unatazama nyuma, na mara nyingine anapaza sauti kule dirishani akiniambia kitu, lakini mashine yangu inanguruma na sisikii vizuri. Mimi naona ni roho mbaya tu, hataki kumwona mwenzake akipanda.

Sasa nifanyeje, niende kwa mwenyekiti nikane maneno yangu, au nilale juu ya ua hiyo Jumamosi pamoja na miiba yake? Mke wangu anasema nikapige magoti, lakini huyohuyo ana gauni linashonwa pale kwa mama fundi, kwa hiyo ushauri wake siuamini. Ua ukikatwa mtindo umekwisha, na mimi nimekwisha, nitarudi kwenye benchi la wasikiliza redio.

Ni mimi, Kinyozi Niliyeapa Vibaya.

*

Kinyozi, pole. Nyingi nampa mwenye sikio, itakayobaki chukua wewe.

Barua yako niliisoma nikinywa chai, na nilipofika kwa kocha ikanipalia. Kisha nikairudia, na safari hii sikucheka. Umeniambia habari za golikipa, kipara cha mume wa mtu, hata njaa ya mwenyekiti uliiona. Lakini mama mtu mzima anashona mchana na taa inawaka, hukujiuliza kwa nini. Baba, huo msitu umesimama mbele ya dirisha lake! Jua lililokuwa likiingia kwenye cherehani sasa linaishia kwenye kiduku chako. Mtindo unaokuletea wateja wewe ndio unaomfukuzia wateja yeye, na akikuitia mwanga unanguruma na mashine, halafu unaniandikia mimi kwamba roho mbaya ni ya kwake. Huoni hata haya.

Na lile la kwamba juu pamekwenda upande, mimi nadhani palikwenda upande kweli. Ungepanda kigoda ukasawazisha siku ileile, leo mngekuwa mnaazimana chumvi.

Kuhusu kiapo, usithubutu kwenda kwa mwenyekiti kukana. Juu ni kwake, ulisema mwenyewe, kiganja kikachomwa, basi. Ukiruka maneno yako mbele ya benchi zima, nani tena atakuamini ukiwa na wembe shingoni mwake? Na kulala juu ya miiba waachie wenye mwili wa akiba.

Fanya hivi. Kesho asubuhi kabla hujafungua saluni, nenda kwa mama fundi, pita mlangoni, mikono mitupu. Mkeo akusindikize, maana kwenye nyumba yenu mwenye akili ni yeye, na gauni lake halihusiani kabisa. Omba ukae kwenye kiti cha kushonea, upewe uzi na sindano, utunge bila kuwasha taa. Utashindwa. Ukishashindwa mwambie, "Mama, samahani, sikujua kwa sababu sikutaka kujua," na hapo unyamaze, usianze kumweleza habari za penalti. Magoti yakiinama yenyewe, yaache yainame.

Akishakusamehe, mwombe amwache yule mtu wa msumeno, ukate wewe, lakini kwa kipimo chake; mwenye mali akikutuma, kiapo hakikushiki. Yeye avute uzi kutoka mwisho huu wa ua mpaka mwisho ule, pale jua linapoweza kupita likafika kwenye sindano, nawe kilicho juu ya uzi chote uondoe. Kitakachobaki kitakuwa kifupi, lakini kiduku kifupi nacho ni kiduku, na hao vijana wako watadhani ndiyo mtindo mpya wakaja kunyoa tena. Na kwa kuwa nywele zote za juu ni mali yake, jina Mchongoma life. Mtindo uitwe Mama Fundi. Golikipa akitaka, aketi kitini atamke mbele ya wenzake kwamba anaomba anyolewe Mama Fundi. Atazoea.

Neno langu la mwisho nalisema kama mama wa wavulana. Hao wanangu nimewapeleka kwa vinyozi tangu hawajaota meno, kila mara nimesema apunguze kidogo tu, na kila mara nimerudishiwa yai. Sasa huyu jirani yako, kwa ninavyomsoma, ana moyo mzuri kuliko unavyostahili. Angeweza kuleta msumeno kimyakimya, lakini alitangaza mapema, nadhani akisubiri uende kumwomba. Atakuonea huruma, atavuta uzi wake, atakuambia upunguze kidogo. Basi nakusihi, ndugu yangu, kwa niaba ya akina mama wote tuliokaa kwenye mabenchi yenu tukiwaamini, mara hii moja katika maisha yako ya kazi, punguza kidogo.