Kigurudumu Nilichokipaka Mawese

Rumonge, Alhamisi, baada ya kazi

Mama yangu mpendwa,

Amahoro kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Mimi mwanao Feza ni mzima, ninakula na kulala kwa Shangazi Mapendo bila shida. Je, kifua chako kimetulia? Bibi bado anakataa kuvaa sweta asubuhi? Baba amemaliza paa la jiko? Ule unga wa muhogo mliotuma kutoka Baraka ulifika. Shangazi alisema ni mweupe kuliko wa hapa, akaficha nusu ili wageni wasiumalize.

Mama, ninaandika mapema kuliko kawaida kwa sababu wachuuzi wa samaki, wale wa ndagala, watavuka Jumamosi, nami ninaijua midomo yao. Wakikuambia kwamba mwanao alivunja mlango wa kiwanda, ni kweli. Nataka uyasikie kwangu kwanza, tangu mwanzo.

Hapa kiwandani tunatengeneza mawese. Chikichi kutoka mashamba ya Kizuka zinapakiwa katika kigari cha chuma kinachokwenda juu ya reli mpaka mlango wa tanuru la mvuke. Kigari kimefungwa kamba ya chuma mbele na nyuma, kwa hiyo moteri inaweza kukivuta kwenda au kukirudisha. Lazima kisimame mlangoni barabara, tofauti isizidi vidole viwili. Kikipungua, chikichi zinamwagika. Kikizidi, kinagonga.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Hamadi, mzaliwa wa hapa Rumonge, mtu ambaye kofia yake ni safi hata katikati ya moshi. Alikuwa na mkono wa swichi na macho yake tu. Siku za jua hakukosea. Lakini chikichi zikilowa mvua huwa nzito, kigari kinapita mlango, anakirudisha, kinapita tena upande wa pili, mara tatu, mara nne. Ndipo fundi mkuu, Bwana Tobia, aliyesomea umeme Albertville, alipotengeneza kisanduku cha kufanya kazi hiyo. Alitafuta mtu wa kumsaidia hesabu, na masista wa shule walimwambia mimi ninazijua ila siongei.

“Vizuri,” alisema. “Kisanduku kitaongea kwa niaba yake.”

Nikueleze, usichoke. Kisanduku kinauliza mambo mawili tu: umebakiza umbali gani, na unakwenda kwa kasi gani? Umbali kinaupata kwa kamba nyembamba. Kasi kinaipata kwa kigurudumu kidogo kilicho chini ya kigari, kinachobingirika juu ya reli. Mimi nilichora mstari kwenye karatasi ya mirabaraba: ukiwa mbali na mlango unaruhusiwa kasi kubwa, ukiwa karibu ndogo, mlangoni huruhusiwi kabisa. Kigari kikizidi kasi ya mstari, moteri inakivuta nyuma kwa nguvu zote. Kikiwa polepole kuliko mstari, inakivuta mbele kwa nguvu zote. Kikishaufikia mstari hakiwezi kuuacha. Ni kama mtoto anayejifunza kutembea kati ya shangazi wawili, kila mmoja anamsukumia kwa mwenzake, naye anafika bila kuanguka. Kigari kinateleza juu ya mstari ule mpaka mlangoni, kinatulia. Na chikichi ziwe kavu au zimelowa, mstari ni uleule. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilitaka kupiga kelele, lakini unanijua.

Kelele kilipiga kisanduku chenyewe. Swichi yake ya ndani, inayogeuza moteri, ilikuwa ikigeuka huku na huku, ka-ka-ka-ka, hata meno yake ya shaba yakaungua.

“Tobia,” Mzee Hamadi alisema, “kisanduku chako iko na malaria. Sikia kinavyotetemeka!”

Bwana Tobia akaunenepesha mstari, ukawa kama njia yenye upana. Ndani ya njia hiyo moteri inavuta kwa upole. Kigari hakikusimama tena palepale kabisa, lakini vidole viwili hakikuvizidi, na meno ya shaba yakapona. Mzee Hamadi akawekwa kwenye breki ya mkono, endapo lolote litatokea. Vijana wa mvuke wakaanza kumchokoza.

“Muzee, sasa iko kisanduku kinakutuma weye?”

“Ngojeni,” alijibu. “Siku moja nitakionyesha nani bwana wa reli hii.”

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, nimeziba mdomo.

Jumatatu ya wiki jana nilifika kazini wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na kile kigurudumu kilikuwa kimeanza kushika kutu. Nikakumbuka unavyolipaka jembe mawese kabla ya kulitundika ukutani. Nikachovya kitambaa katika mawese, nikakipaka kigurudumu pande zote mpaka kikang'aa. Nilifurahi, Mama. Nilijiona mtu wa kazi.

Kigari cha kwanza kilijaa chikichi mbichi. Kigurudumu chenye mafuta hakikubingirika, kiliburuzika tu juu ya reli. Kisanduku kikaona kasi ndogo, kikaamini kigari kinachelewa, kikazidi kukivuta mbele. Mzee Hamadi aliirukia breki, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Haikutosha. Kigari kiligonga mlango wa tanuru, bawaba ya juu ikang'oka. Tunamshukuru Mungu mvuke ulikuwa bado haujafunguliwa, na hakuna aliyeumia.

Bwana Direkta, mkuu wa kiwanda, alikuja mbio. Yeye ni Murundi wa kwanza kukaa katika kiti kile tangu uhuru, na wako wengi wanaongoja akosee. Bwana Tobia alikagua kisanduku, hakuona kosa. Akapitisha kidole kwenye kigurudumu.

“Hiki kimepakwa mafuta,” alisema.

Mama, watu wote walimtazama Mzee Hamadi, maana kopo la grisi anashika yeye.

“Si alisema atakionyesha?” mmoja wa vijana wa mvuke aliuliza.

“Wallahi sikukigusa,” Mzee Hamadi alisema. “Mimi nilikuwa kwenye breki. Mumeniona!”

Bwana Direkta akamwambia aende nyumbani, na kesho kwenye apeli, tunapoitwa majina, atajua kama bado ana kazi. Mzee akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akapita mbele yangu. Nilikuwa karibu kiasi cha kumshika mkono. Nami nilikaa kimya. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuliko mlango.

Nyumbani sikula. Shangazi alinitoa maneno moja moja, kama anayetoa miiba ya samaki.

“Unaogopa kufukuzwa, ama unaogopa kusema?”

“Kusema.”

“Basi sema kidogo.”

Asubuhi tulipanga mistari uani. Karani akasoma majina, kila mtu anajibu “Nipo.” Mzee Hamadi alisimama pembeni, peke yake, amevaa kanzu kama mtu anayekwenda msibani. Jina langu lilipotajwa nilitoka mstarini. Karani akarudia.

“Ni mimi,” nilisema. “Kigurudumu nilikipaka mimi. Mawese. Mzee hajui kitu.”

Bwana Direkta akanisogelea.

“Nani alikuambia upake?”

“Mama yangu.”

Wote waliangua kicheko, Mama, nisamehe. Nilieleza kuhusu jembe na kutu, lakini sijui nani alisikia. Bwana Tobia peke yake hakucheka. Alisema, “Nilikifundisha kisanduku kutojali uzito. Sikumfundisha huyu mutoto kwamba hakiwezi kujua kigurudumu chake kikidanganya. Kosa hili lina nusu yangu.” Bwana Direkta akamrudisha Mzee Hamadi kazini palepale. Mimi akaniondoa kwenye moteri, akanipeleka kwa wanawake wanaotenganisha chikichi na mikungu. Hakusema mpaka lini.

Nilidhani Mzee Hamadi angefurahi. Siku mbili hakuitikia salamu yangu. Siku ya tatu alinisimamisha kwenye bomba la maji.

“Ulisema mbele ya watu, nimesikia,” alisema. “Lakini jana yake nilipita mbele yako. Nilifika nyumbani saa nne asubuhi, mke wangu akaniuliza nimeugua nini. Ungekuwa weye, ungemujibu nini?”

Nilisema tu, “Nisamehe, Mzee.” Akatikisa kichwa, akaenda zake, na nilijua ana haki.

Tangu hapo mikono yangu imejaa miiba ya chikichi. Wanawake wenzangu wananiita Mama Mawese. Si kwa ubaya, mmoja amenipa kitambaa cha kufungia vidole. Mlango umetengenezwa, ila kisanduku hakikuwashwa. Nilikuwa nikisikia Mzee Hamadi anakiendesha kigari kwa mkono wa swichi, kinapita, kinarudi, kinapita, nami ninauma midomo.

Leo asubuhi mvua imenyesha, chikichi zimelowa kabisa. Kigari kilikuwa kimekwenda na kurudi mara tano, moteri ikanyamaza. Nikamwona Mzee Hamadi anavuka ua, kofia yake safi kichwani, mpaka kwenye rundo letu, mbele ya wanawake wote.

“Feza,” alisema, “simama. Nimeongea na Direkta. Nimemwambia kisanduku kiwashwe, naye amekubali, lakini mimi sikikubali mpaka weye ukitazame kile kigurudumu kila asubuhi, na mimi nikitazame nyuma yako.”

“Hutaniamini, Mzee?”

“Bado. Ndiyo maana nitatazama.”

Nimekifuta kwa majivu na kitambaa kikavu, akapitisha kidole chake juu yake, akanusa, akaenda kushika breki.

Mama, wachuuzi wakisema nimeharibu kazi, usiniite nyumbani. Niache nibaki.

Nisalimie Baba, na Bibi anayenikosea jina kila siku, na kaka yangu mkubwa pamoja na mkewe, na mjomba mshonaji. Mwambie mwalimu wangu wa hesabu kwamba karatasi za mirabaraba zimeniishia. Shangazi anakusalimu sana, murakoze, asante kwa unga.

Anayekuheshimu na kukukumbuka,
binti yako,
Feza