Mshauri Asiyeshauri Ananiharibia Mpwa Wangu

Shangazi mpendwa, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi yangu naisubiri. Naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana nyumba nzima imenigeukia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, na si kwa kujisifu, mtaani kwetu hata upepo ukikuta geti langu hupiga hodi kwanza. Shule niliishia darasa la sita, si kwamba nilishindwa, mwalimu mwenyewe alisema niwaachie na wengine nafasi. Ndoa nilizosuluhisha sizikumbuki kwa wingi wake, siku hizi wanandoa wakiniona tu naingia wanapatana haraka kabla sijakaa.

Sasa nina mpwa, mtoto wa dada yangu, kijana mwashi. Jukwaa la mbao walilokuwa wamesimama juu yake kazini lilivunjika, rafiki yake waliyekuwa wakijenga naye ukuta mmoja akaanguka akafa, yeye akapona. Tangu tumzike yule rafiki mpwa wangu hasemi, chakula anagusa tu, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Nikaanza kumtibu kwa njia yangu, kila jioni namkalisha kibarazani nawasimulia majirani alivyomdaka mwenzake kwa mkono mmoja kutoka ghorofa ya tano, akamng'ang'ania mpaka shati likachanika, watu wanampigia makofi, wameshampa na jina, wanamwita Winchi. Yeye anainamisha kichwa, nami najua ni unyenyekevu, maana ukoo wetu sote tuko hivyo.

Dada akasema hapana, apelekwe kwa mama mshauri wa pale zahanati. Nikampeleka mwenyewe. Shangazi, chumba kina viti vimekaa mshazari kama vimenuniana, jagi la maji na boksi la tishu, basi! Nikamuuliza, "Mama, kazi hii umeisomea wapi?" Akajibu bila kukasirika kwamba alikuwa mkunga miaka mingi, kisha akafiwa na mwanawe, kila aliyekuja kumpa pole akaja na hekima zake, hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyo mtoto alikuwaje. Ndipo akaenda chuo kusomea ushauri nasaha. "Lakini kungoja," akasema, "nilijifunza wodini."

Nikamwambia, "Hata mimi ni mkunga, nimewahi kuzalisha ng'ombe kwa simu, ndama akatoka akisema haloo." Hakucheka.

Akamgeukia kijana, "Usiku unalalaje?" Nikamjibu, "Kama gogo." Akauliza, "Na chakula?" Nikajibu, "Anakula, ila kwa mapozi." Akauliza, "Ukimkumbuka rafiki yako inakuwaje?" Nikavuta pumzi nianze na ile ghorofa ya tano, mama yule akasimama akanifungulia mlango. "Kaka, benchi la nje lina kivuli kizuri sana."

Mimi huyo, nje! Nikasogea mlangoni, si kwamba nilitega sikio, nilikuwa nakagua bawaba. Kimya. Kimya kabisa mpaka wakatoka. Nikamuuliza mama, "Umemwambia nini?" "Sijamwambia kitu." "Na yeye kakwambia nini?" "Hilo ni lake." Mshauri gani huyo, Shangazi, hashauri!

Akaendelea kwenda kila Alhamisi. Juzi niko kibarazani, hadithi imefika pale shati linachanika, mpwa wangu akafungua mdomo mbele za watu: "Mjomba, basi. Ilikuwa ghorofa ya pili. Na sikumdaka. Nilishika nguzo." Majirani wakakohoa, mara kila mtu kakumbuka kwake kuna jambo.

Nimeaibika. Mama yule amemvua mtoto wetu ushujaa wake mchana kweupe. Nimetangaza Alhamisi haendi tena. Sasa dada hanisemeshi, na kijana amerudi kwenye ukimya wake, safari hii hata kibarazani hatoki. Nishikilie msimamo, au nimtafutie mshauri anayeongea?

Ni mimi, Mjomba Mwenye Uchungu

*

Marahaba, Mjomba. Nimekuzidi, tena kwa mbali, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Habari njema umeiandika kama mashtaka. Kijana amesema! Siku zote hizo mlikuwa mnaomba aseme, kasema, nawe umeshika kiuno kwa sababu hakusema ulichotaka.

Huyo mama hajaharibu kitu. Viti vyake vimekaa mshazari ili mwenye aibu asikodolewe macho. Alinyamaza ili kijana ajue pale hakuna anayemharakisha. Na alikunyima siri kwa sababu angekupa wewe, kufika jioni ingekuwa imeshapanda ghorofa ya kumi. Wewe ulimwonyesha ng'ombe wa simu, yeye akakuonyesha benchi. Mimi ningekuonyesha barabara.

Sasa sikia. Mpwa wako alishika nguzo akapona, mwenzake hakupona. Hilo si kosa, mimi na wewe tungeshika nguzo hiyohiyo. Lakini mtu anayejilaumu kwamba hakumdaka rafiki yake, utamkalishaje kila jioni umsifu kwa kumdaka? Kila mlio wa makofi ulikuwa kofi kwake. Angesema ukweli, angeonekana mwongo yeye. Unashangaa alinyamaza?

Najua hukukusudia ubaya. Ulimwona anazama ukamrushia ulichokuwa nacho, na ulichokuwa nacho ni maneno. Mapenzi yako hayana shaka, Mjomba. Mdomo wako ndio wenye shaka.

Fanya hivi. Leo hii kamwombe radhi dada yako, kwa sentensi fupi. Kisha waambie majirani, wewe mwenyewe, bila madoido, kwamba mambo yalikuwa kama kijana alivyosema. Jina la Winchi life hapohapo. Akitaka kukusimulia siku moja, msikilize mpaka amalize, na akiishia njiani usimmalizie. Asipotaka, mkae tu. Kijana aliyeweza kukukatiza wewe katikati ya hadithi ana nguvu kuliko unavyodhani, huyo atapona.

Alhamisi asubuhi gonga mlango wake useme, "Amka, mjomba, utachelewa kwa mama." Umsindikize mpaka geti la zahanati, halafu urudi kazini.