Sentensi Niliyoikwepa

Jumanne, 4 Machi

Darasa la uandishi, wiki ya tatu. Mwalimu karudisha daftari langu. Mstari mwekundu juu ya "Nilizaliwa katika familia ya watoto sita." Eti kila mtu alizaliwa! Wenzangu wakacheka, nami nikacheka kwa kujikaza. Kasema nianzie pale maisha yalipogeuka. Jumanne ijayo kila mtu atasoma mwanzo wake kwa sauti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshona sare kumi na mbili. Kila pindo, mwanzo mpya kichwani. Cherehani yangu ya kwanza. Mvua. Harufu ya sabuni ya mama. Hakuna unaosimama — napiga chenga tu. Maisha yangu yalipogeukia napajua.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika kwenye karatasi, chini ya ile mianzo mingine. "Mimi ndiye niliyevunja uchumba wa mdogo wangu."

Basi. Imetoka.

Miaka kumi na tisa nyumbani wanamlaumu jirani, yule msusi, kwamba ndiye aliyepeleka maneno kwa wakwe. Kumbe ni mimi! Mama wa bwana harusi alikuja kwangu kupima gauni lake la sherehe. Akaniuliza, mdogo wako ana afya? Nikatoa pini mdomoni, nikamwambia aliwahi kuanguka kifafa. Mara mbili tu, utotoni — hilo la utotoni sikulisema. Mimi mkubwa, sijaposwa. Kijicho, hakuna jina lingine. Wiki ile ile wakajitoa. Msusi akahama mtaa kwa aibu isiyo yake. Mdogo wangu hakuposwa tena. Gauni nilimaliza kulishona, sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu kaja! Nilimkataza mara tatu. Kafunga duka mapema, eti dada yake anakuwa mwandishi, yeye akauze vitunguu? Tumekaa benchi moja. Naandika hapa hapa, daftari magotini.

Mwenzetu mmoja, seremala, kamaliza kusoma. Makofi. Mwalimu kaniita mimi.

Sauti imekauka — kabisa! Nimeonyesha koo, nimetikisa kichwa. Mwalimu kasema si neno, mwenzako anaweza kukusomea.

"Lete, dada. Mimi sauti ninayo."

Kashaichukua karatasi ile ya Jumapili mkononi mwangu. Sikuishikilia. Anakwenda mbele, anairekebisha skafu, anawatabasamia watu. Anaikunjua.

Anageuka, ananiuliza aanzie wapi.